Kumjua Sokwe kwa Kumfuata

Kwamndolwa, pembezoni mwa mji wa Korogwe, mtoto akianza kuonyesha tabia ya peke yake hakuna anayekwenda mbali kutafuta sababu. Akiwa mkali, watu wanahesabu wajomba. Akiwa mwoga wa kila kitu, wa kushtuka mlango ukigongwa, bibi mmoja atasema huyu ni mama yake mtupu, naye alikuwa hivi hivi alipokuwa mdogo. Wazigua tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo sifa na lawama hupelekwa kwanza ujombani. Kisha atatokea mwingine aseme la, mtoto hakuzaliwa hivyo, amelelewa hivyo. Mmoja anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, mwenzake anajibu mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mazungumzo yanakwisha kahawa inapokwisha, bila mshindi.

Siudharau ubishi huo. Wanaobishana wana kitu adimu mikononi mwao: wanamjua mtoto, walimjua mama yake, na baadhi yao walimjua bibi yake akiwa msichana. Wamewaona watu hao wakiwa na njaa, wakiwa na furaha, wakifiwa, wakidaiwa. Ukitaka kujua kama hulka inarithiwa, huo ndio ujuzi wa kwanza unaouhitaji, na ndio mgumu kuupata. Kuna mahali katika nchi yetu ambapo watu waliufanya ujuzi huo kuwa kazi, wakaiandika saa kwa saa kwa zaidi ya nusu karne, na leo wataalamu wa dunia nzima wanaitegemea. Waliokuwa wakiangaliwa hawakuwa binadamu. Walikuwa sokwe wa Gombe.

Gombe na Korogwe havikai mbali kama ramani inavyoonyesha. Mashamba ya mkonge ya huku kwetu yalilimwa na manamba walioletwa kutoka pembe zote, na Waha wa Kigoma walikuwa miongoni mwa waliokuja kwa wingi, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Wengi walibaki. Wajukuu wao ni majirani zetu, wameoa na kuolewa huku. Kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika vijiji vinavyopakana na Gombe kama Mwamgongo na Mtanga, kulikuwa na vijana wa rika la manamba hao ambao baadaye walipata ajira nyingine kabisa: kupanda mlimani kila siku na kumfuata sokwe mmoja tangu anapoamka hadi anapolala.

Kabla sijafika kwao, lazima niseme wataalamu wa vinasaba wamefika wapi kuhusu binadamu. Hulka iliyochunguzwa kuliko zote ni ile wanayoiita neurotisizimu: moyo usiotulia, wasiwasi wa kila mara, kuudhika upesi, kujilaumu, kuzama katika huzuni. Kila mtu anayo kwa kiasi chake. Kwa kulinganisha mapacha wanaofanana na wasiofanana, na watoto wa kulea na wazazi waliowazaa, watafiti wamekuwa wakikadiria sehemu ya urithi kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Tena Vukasović na Denis Bratko walijumlisha tafiti nyingi za aina hiyo wakakuta kwamba takribani asilimia 40 ya tofauti za hulka baina ya watu inaelezeka kwa urithi. Hesabu hiyo inahusu tofauti ndani ya kundi la watu. Haisemi kwamba asilimia 40 ya wasiwasi wako umepewa na baba yako.

Baada ya hapo zikaanza kusakwa jeni zenyewe. Mwaka 1996 Klaus-Peter Lesch na wenzake walitangaza, baada ya kuwapima watu 505, kwamba kipande kifupi cha DNA kinachohusika na kusafirisha serotonini kinaambatana na wasiwasi. Habari hiyo ilishangiliwa. Zikafuata tafiti nyingi juu ya kipande hicho na juu ya jeni nyingine zilizochaguliwa kwa kukisia. Mwaka 2019 Richard Border na wenzake walizichukua jeni 18 zilizokuwa zimehusishwa na sonona kwa namna hiyo, wakazipima kwa taarifa za watu wengi sana, wakakuta hazina nguvu kuliko jeni yoyote unayoiokota bila mpango. Zaidi ya miaka ishirini ya haraka ilifutika namna hiyo.

Njia iliyokuja kuleta kitu ni ya kukagua DNA nzima kwa watu wengi mno. Mwaka 2018 kundi la Mats Nagel na Danielle Posthuma lilichunguza watu 449,484 na kupata sehemu 136 za DNA zinazohusiana na moyo usiotulia, kila moja ikiwa na mchango mdogo kiasi cha kutoonekana peke yake. Alama zote walizozikagua zikijumlishwa pamoja zinaeleza kama asilimia 10 tu ya tofauti baina ya watu. Kati ya 10 na 40 kuna pengo, na sababu zake ni zaidi ya moja. Kuna vinasaba adimu, kwa mfano, ambavyo ukaguzi wa namna hii hauvioni. Lakini sababu moja inanigusa kuliko nyingine. Wengi wa watu hao walipimwa hulka yao kwa maswali 12, ya ndiyo au hapana, waliyoyajibu wenyewe. Je, moyo wako hupanda na kushuka? Je, wewe ni mtu wa wasiwasi? Dakika chache, kisha mtu anakwenda zake. DNA yake inasomwa kwa mashine ya hali ya juu, na hulka yake inasomwa kwa majibu 12 tu.

Gombe walikwenda kinyume. Sokwe wao ni wachache, ila wanajulikana.

Jane Goodall alifika huko tarehe 14 Julai 1960, eneo likiwa bado hifadhi ndogo ya wanyama, yapata kilomita 16 kaskazini ya mji wa Kigoma. Aliwapa sokwe majina, akaandika juu ya huyu mpole na yule mwonevu, na huko Cambridge aliambiwa kwamba mnyama hana hulka, hulka ni ya binadamu. Hilo linajulikana sana. Kinachosimuliwa kwa nadra ni nani walioendelea kuangalia baada ya wageni kuondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanafunzi mmoja wa kigeni alianguka kutoka kwenye genge akafa, na tangu hapo ikawa kanuni kwamba mtafiti asiende peke yake, awe na mtu wa mahali pale. Vijana waliokuwa wakibeba mizigo na kuonyesha njia walianza kujifunza kalamu. Hilali Matama aliingia katika miaka hiyo. Wakaja Eslom Mpongo, Hamisi Mkono, Yahaya Almasi na wengine. Tarehe 7 Januari 1974 Hilali Matama ndiye aliyeshuhudia madume wa kundi la sokwe la Kasekela wakimshambulia Godi, dume wa kundi lililokuwa limejitenga kusini. Ndivyo ilivyoanza vita ya miaka minne baina ya sokwe na sokwe, jambo ambalo wataalamu wengi wa nje hawakutaka kuliamini.

Kisha ikaja Mei 1975. Usiku wa tarehe 19 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa, wa kundi la Laurent Kabila, waliteka wanafunzi wanne. Wote waliachiliwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni wakaondolewa Gombe, na kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kuishi pale. Kwa mradi mwingine wowote huo ungekuwa mwisho. Gombe, vijana waliamka asubuhi wakapanda mlimani, kwa kuwa sokwe walikuwa wameshaamka. Daftari hazikukatika. Kitabu kikubwa cha Goodall cha mwaka 1986, kile ambacho kila mwanafunzi wa nyani duniani hukisoma, kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maandishi yao ya Kiswahili.

Sasa niitazame kazi yenyewe, maana ndiyo iliyonivuta kuandika.

Huanza gizani. Jioni iliyotangulia wafuatiliaji wawili walimwacha sokwe akiwa ameshakunja matawi, amejitandikia kiota na kujilaza. Wakakariri mti, bonde na njia ya kurudi. Alfajiri wanapaswa kuwa chini ya mti uleule kabla hajashuka, kwani akishuka hawapo, siku hiyo wameipoteza. Mlima wa Gombe unapanda kutoka ufukweni hadi zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mabonde yamesimama kama kuta, masika nyasi zinampita mtu kimo, na sokwe hafuati njia za watu. Anapenya chini ya miiba kwa miguu na mikono. Nyuma yake mtu mzima naye anainama, anatambaa, huku akiikinga karatasi isiguswe na umande.

Mmoja ana fomu, mwenzake ana daftari. Kila baada ya dakika 15 panaandikwa yuko wapi, yuko na nani, anakula nini. Anayejiunga na kundi anaandikiwa saa aliyofika, anayetoka anaandikiwa saa aliyotoka. Jike akiwa amevimba kwa kuwa yuko tayari kupandwa, hilo nalo linaingia. Kwenye daftari yanakwenda maelezo: nani alimnyooshea nani mkono kuomba nyama ya mbega na akanyimwa, nani alisafisha manyoya ya nani na kwa muda gani, ni mtoto gani aliyemwacha mama yake na kwenda kucheza mbali, ni yupi aliyeganda mgongoni mwa mama siku nzima. Jioni kiota kipya, mti mpya wa kukariri.

Ustadi wa maandishi hayo uko katika jambo ambalo waandishi wa habari na mahakimu wangefaidika nalo pia. Mtu asiye fundi angeandika kwamba dume alikasirika. Fundi anaandika kwamba manyoya yalimsimama, akavunja tawi, akalikokota mteremkoni, akampita jike mwenye mtoto bila kumgusa, akaketi, na jike akamfuata kumsafisha mgongo. Hasira haikutajwa, na anayesoma miaka ishirini baadaye anaweza kupima mwenyewe kama ilikuwa hasira, majivuno au woga. Mfuatiliaji ana maoni yake, tena mazito, ila anayaweka kando ya karatasi mpaka atakapoulizwa. Ni nidhamu ngumu. Jaribuni kueleza ugomvi wa majirani kwa namna hiyo, bila kumpa yeyote nia.

Na kumtambua sokwe ni elimu nyingine. Mara nyingi anayefuatwa anaonekana kisogo tu, au nyayo na tako likipotea vichakani, au haonekani kabisa, inasikika sauti yake kutoka bonde la pili. Mfuatiliaji mzoefu anajua ni nani, kama mama anavyomjua mwanawe kwa kikohozi tu katikati ya watoto wengi. Bila hilo hakuna cha kuandika. Ukikosea jina, umempa mtu tabia isiyo yake, na kosa hilo litaingia katika hesabu za watu ambao hawatafika Gombe kamwe.

Mwaka 1973, kabla ya utekaji, mwanasaikolojia Peter Buirski na wenzake walifanya jaribio lililoonekana dogo wakati ule. Waliwapa waliokuwa wakiishi na sokwe dodoso lililotungwa kwa ajili ya binadamu, ambamo mtu huwekewa maneno mawili mawili na kuchagua lipi linamfaa zaidi anayezungumziwa. Sokwe 24 wa Kasekela walipimwa hivyo. Mmoja wao alikuwa jike aliyeitwa Passion, na picha ya hulka yake iliyotoka pale ilitofautiana mno na ya majike wenzake.

Miaka miwili baadaye Passion alimnyang'anya Gilka mtoto mchanga, akamuua na kumla, akigawana nyama na watoto wake. Gilka alikuwa jike dhaifu, mkono mmoja ulikuwa umeathiriwa na polio na pua imevimba kwa ugonjwa wa ukungu. Hakuwa na wa kumtetea. Mwaka uliofuata walimuua mtoto mwingine wa Gilka, na mtoto wa jike mwingine, Melissa, pia. Katika mashambulizi hayo Passion alikuwa na binti yake Pom, aliyekuwa msaidizi kamili. Kwa miaka hiyo hakuna mama wa Kasekela aliyeweza kutulia na mchanga Passion akiwa karibu. Mwaka 1991 Buirski na Robert Plutchik walirudi kwenye karatasi zao za 1973 wakaandika juu ya Passion: alikuwa ameonekana tofauti kabla hajafanya lolote.

Hapo kila mbishi wa Kwamndolwa atasimama. Mtoto wa nyoka! Pom alirithi. Mwingine atajibu kwamba Pom alilelewa na Passion, na Goodall aliandika jinsi Passion alivyokuwa mama baridi, asiyejali mtoto akilia nyuma yake. Pom alijifunza. Tena Passion alikuwa na watoto wengine, Prof na Pax, madume. Passion alipokufa mwaka 1982 Pax alikuwa bado mdogo sana, na aliyemtunza ni kaka yake Prof pamoja na huyo huyo Pom. Mama mmoja, nyumba moja, na binti yule yule aliyeshika watoto wa wenzake akamlinda mdogo wake. Kwa familia moja hutapata jibu, hata uiangalie vizuri namna gani. Unahitaji familia nyingi, kwa vizazi, zote zikiwa zimeangaliwa na jicho lile lile.

Ndiyo sababu naithamini sana kazi iliyochapishwa mwaka 2017 na Alexander Weiss wa Edinburgh, akiwa na Anne Pusey, Michael Wilson, Anthony Collins na Steffen Foerster, pamoja na Watanzania Deus Mjungu na Shadrack Kamenya. Walikwenda kwa wafuatiliaji wa Gombe, waliokuwa kazini na waliokwisha kustaafu, wakawaomba sasa watoe yale maoni waliyokuwa wameyaweka kando. Walipewa dodoso lenye sifa 24, lile linalotumika kwa sokwe wa bustani za wanyama, kila sifa ikiwa na maelezo yake, na kila sokwe akipewa alama kutoka 1 hadi 7. Sokwe 128 wa makundi ya Kasekela na Mitumba walipimwa, walio hai na waliokwisha kufa.

Fikirini inachotaka dodoso hilo. Mzee anakaa na karatasi, anaulizwa juu ya sokwe aliyekufa miaka mingi iliyopita: alikuwa mwoga kiasi gani, mwonevu kiasi gani, mpole kiasi gani. Asimuulize mwenziwe. Ajibu kwa alichokiona. Halafu mwenziwe, akiwa peke yake naye, anaulizwa yale yale. Kama hulka ya sokwe ni hadithi tu tunayojitungia, majibu yatatawanyika. Yalikubaliana. Kuanzia sifa hadi sifa makubaliano yalikuwa ya kutosha hadi mazuri, kwa kipimo kile kile kinachotumika kwa binadamu wanaopima binadamu wenzao.

Kilichonishangaza zaidi ni hatua iliyofuata. Karatasi za 1973 zilikuwa bado zipo. Zilijazwa na watu wengine, kwa dodoso lingine, lenye maswali mengine. Zilipolinganishwa na alama za wafuatiliaji, zaidi ya miaka 35 baadaye, zilioana. Sokwe walewale waliosemwa hivi na kundi la kwanza walisemwa hivyo na kundi la pili. Weiss na wenzake hawakuficha upungufu wao: sifa hizo 24 hazikujipanga katika mafungu yaliyo wazi kama zinavyojipanga kwa sokwe wa bustani za wanyama, ambako James King na Aurelio José Figueredo waliona mwaka 1997 mafungu sita, moja likiwa la ubabe na jingine la moyo usiotulia kama wa binadamu. Msitu una mambo mengi kuliko kizimba. Hata hivyo kitu cha msingi kilisimama: hulka ya sokwe ipo, inadumu, na wazee wa Kigoma wanaijua.

Sasa kurithi. Kwa upande wa mama hakuna shida Gombe, kila mmoja ameonekana akinyonya. Shida ni baba. Jike hupandwa na madume wengi katika siku zile zile, na hata wafuatiliaji bora hawawezi kujua ni nani aliyempa mimba. Kwa muda mrefu nusu ya ukoo ilikuwa giza. Mwanga ulitoka mahali ambapo mtu asiye na kazi hii angeziba pua na kupita: kinyesi.

Sokwe akiamka, mara nyingi jambo la kwanza ni kujisaidia akiwa bado ukingoni mwa kiota. Mfuatiliaji amesimama chini, anatazama ni nani hasa aliyejisaidia na kilianguka wapi. Akivaa glovu anachukua kiasi kidogo kwa kijiti, anakitia katika kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, anaandika jina la sokwe, tarehe na saa. Ndani ya kinyesi kuna chembe zilizobanduka kutoka kwenye utumbo, na ndani ya chembe kuna DNA. Sokwe hakuchomwa sindano wala kushikwa. Mashine itakayosoma vinasaba hivyo iko ng'ambo ya bahari na ni ya gharama kubwa, lakini thamani ya kichupa yote iko katika jina lililoandikwa juu yake. Wameamka sokwe watano juu ya mti mmoja, na kama aliye chini hakujua ni wa nani, mashine itatoa jibu safi kabisa juu ya sokwe asiye yeye.

Mwaka 2001 Julie Constable, Mary Ashley, Goodall na Pusey walichapisha majibu ya kwanza ya namna hiyo, na baba waliopatikana wote walikuwa madume wa kundi lile lile. Tangu hapo ukoo wa Gombe umekuwa ukijazwa upande wa pili. Ule ujuzi wa bibi wa Kwamndolwa, wa kumjua mtoto na mama na nyanya, hapo uliongezewa kitu ambacho bibi hakuwahi kuwa nacho: uhakika wa baba.

Na katika ukoo huo kuna mifano inayomfanya mtu anyamaze kidogo kabla ya kusema damu ni damu. Freud na Frodo walikuwa watoto wa Fifi, binti ya Flo, jike maarufu kuliko wote. Wote wawili walifika kuwa dume kinara wa Kasekela. Freud alitawala kwa utulivu zaidi. Frodo alikuwa pande la dume, zaidi ya kilo 50, mwindaji hodari wa mbega, mwonevu kwa sokwe na kwa watu; aliwahi kumpiga hata Goodall. Kabla yao alitawala Wilkie, mdogo wa mwili, karibu kilo 37. Mwaka 2009 Michael Foster na wenzake walipekua daftari kuona kila mmoja aliwasafisha wenzake manyoya kiasi gani. Wilkie ndiye aliyewasafisha zaidi, madume kwa majike, akinunua urafiki. Frodo alisafisha kidogo kuliko wote, akisubiri kusafishwa. Mama mmoja alizaa Freud na Frodo, na walitawala kwa mitindo miwili. Ndugu wa mama mmoja hushirikiana sehemu tu ya vinasaba, na mwili, nafasi ya kuzaliwa na maadui wa wakati ule hufanya mengine. Bila zile daftari tungebaki na hadithi ya dume mbaya na dume mwema.

Mwaka 2023 Weiss, Joseph Feldblum na wenzao waliunganisha vipande vyote vitatu: alama za wafuatiliaji, vyeo vilivyotokana na daftari za kila siku, na baba waliotokana na kinyesi. Madume wenye ubabe mwingi na wasiojizuia sana walipanda vyeo vya juu na kupata watoto zaidi, na faida hiyo ilidumu katika umri wao wote. Haikuwa ya ujana tu ikageuka hasara uzeeni.

Hapo ndipo swali la urithi linapopata meno. Utafiti wa Weiss, King na Figueredo wa mwaka 2000 kwa sokwe wa bustani za wanyama ulionyesha kwamba ubabe ndio unaorithiwa kwa uwazi kuliko mafungu mengine ya hulka. Kama unarithiwa, na kama Gombe wababe ndio wanaozaa zaidi, basi baada ya vizazi vingi kila dume alipaswa kuwa Frodo. Siyo hivyo. Bado wanazaliwa madume wapole, wenye subira, wanaokaa pembeni na kusafisha manyoya. Kitu fulani kinawabakiza. Huenda hulka inayomfaa dume inamgharimu dada yake, anayebeba vinasaba vile vile na maisha tofauti. Huenda inafaa katika miaka ya chakula kingi na kuumiza miaka ya shida. Kulijibu hilo kunataka maisha ya majike yafuatwe kwa ukamilifu ule ule, na jike ni mgumu zaidi kumfuata: hutembea peke yake na watoto wake, kimya, na baadhi yao wakishavunja ungo huhamia kundi jingine. Huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na kitu, na baada ya hapo hukaa takribani miaka mitano kabla ya kuzaa tena. Fifi alizaa tisa, na ilichukua zaidi ya miaka 30 kuwahesabu.

Hakuna mashine itakayoifupisha miaka hiyo. Mtoto wa kike anayezaliwa Kasekela mwaka huu atahitaji watu wa kumwona akicheza, akiogopa radi, akimpoteza mama, akibeba mwanawe wa kwanza, na kumpa kila alama kwa jina lake. Atakayemjazia dodoso akiwa jike mzee pengine leo yuko darasa la pili Mwamgongo, anajifunza kuandika mistari iliyonyooka.